Mapazia ya Nyumba ya Shangazi

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku kwetu sote wazima, na paa la duka halivuji tena tangu nilipolipaka lami. Mama anakusalimu sana. Goti lake la kushoto bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini halijamzuia kwenda popote anapotaka, na wewe unamjua wifi yako, anataka kwenda kila mahali. Kazi ya kufuli na funguo aliyoniachia marehemu baba inanilisha. Juzi nimefungua sefu ya mzee mmoja aliyesahau namba zake, na ndani tukakuta miwani yake, ile ile aliyokuwa akiitafuta nyumba nzima ili asome namba alizoandika kwenye kikaratasi. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Sasa shangazi, nimeshindwa kuvumilia. Mama amenikataza kabisa nisikuandikie jambo hili. Anasema wewe ni mtu wa siri tangu usichana wako, ukiwa tayari utatangaza mwenyewe, na sisi tujifanye hamnazo. Nimejifanya hamnazo mpaka nimechoka. Hongera! Hongera sana! Mume wako tumemwona, tumempenda, na mtaa mzima umempenda.

Alitundika mapazia kwanza. Mama alikuwa anapita akaona madirisha yote ya mbele ya nyumba yako yana mapazia mapya, ya kijani yenye maua meupe, akapiga hodi. Akatoka bwana mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi. Mama akamtazama, akayatazama mapazia, akamwambia, "Karibu sana kwetu, shemeji." Bwana akatabasamu, akainamisha kichwa. Mama alirudi nyumbani anakaribia kuruka na goti lake bovu. "Hasemi sana," aliniambia. "Siri tupu, kama mkewe. Hawa wamekutana wenyewe kwa wenyewe." Tangu siku hiyo kila Jumapili anampelekea chakula kwenye yale mabakuli yake yenye vifuniko, na bwana anapokea kwa mikono miwili.

Nina lalamiko moja tu, nalo ni la kazi. Amebadilisha kitasa cha mlango wa mbele bila kuniita, na hicho alichoweka ni cha ovyo, hata pini ya nywele inakifungua. Mwambie mumeo fundi yuko ndani ya familia.

Ulituambia unastaafu mwisho wa mwaka na kurudi moja kwa moja. Sasa tumejua haraka ya nini!

Mwanao wa dukani,
Funguo

*

27 Februari

Mwanangu Funguo,

Marahaba. Nimefurahi paa limepona. Wifi yangu mwambie goti alikande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na aache kupanda ngazi za watu. Mimi mzima, wodi imejaa, miguu inawaka moto. Haya, salamu zimekwisha.

Mume gani?

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye korido ya hospitali, nikairudia, kisha nikakaa chini kwenye kiti cha mgonjwa, na mgonjwa akaniuliza kama nimefiwa. Sijaolewa. Huyo bwana wa mapazia simjui, sijawahi kumwona, shati lake lililopigwa pasi silijui. Mwalimu aliyepanga pale alihama mwaka jana, akaukabidhi ufunguo kwa mama yako, na tangu hapo sijampa mtu yeyote ruhusa hata ya kufagia uwanja. Huyo ameingia kama panya!

Na wewe ni fundi kufuli! Umesema mwenyewe pini ya nywele inatosha. Basi chukua pini. Ingia, mtoe nje na mapazia yake, badilisha kitasa, keti sebuleni ufungue redio kwa sauti kubwa. Unangoja nini?

Funguo, nisikilize. Nyumba ile niliijenga na baba yako. Yeye alisimamia, mimi nilifanya zamu za usiku ugenini miaka na miaka. Desemba nikistaafu nakabidhi chumba changu cha wauguzi, na baada ya hapo duniani sina mlango mwingine wa kufungua isipokuwa ule. Nikiukosa, nitashuka na masanduku yangu niende wapi? Nilale kwenye benchi lako la kazi, kati ya tupa na koleo?

Nilijaribu kupiga simu ya duka la jirani yenu, kila mara anapokea mtu anayesema "Bohari!" na kukata. Kwa hiyo naandika. Dereva wa gari la wagonjwa ananisubiri nimalize aiwahishe posta, injini inaunguruma.

Shangazi yako ambaye HAJAOLEWA

*

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nilipomsomea mama barua yako alikaa chini kwenye ngazi na kujifunika uso kwa kanga. Kisha akaondoa kanga na kusema, "Na Jumapili nilimwekea nyama mbili!" Goti linaendelea vizuri, anasema hasira zimelinyoosha.

Tulikwenda pale pale. Safari hii hakutabasamu. Alifungua mlango upana wa kiganja, akatuambia, "Mimi niko ndani na ninyi mko nje. Mwenye nyumba ana neno, aje mwenyewe aliseme." Akafunga. Shangazi, damu ilinichemka. Nilirudi dukani nikachukua mkoba wa vifaa, jirani muuza mkaa akachukua chepe, na watu wawili watatu wakajiunga bila hata kuuliza tunakwenda kumfanya nini nani. Mama ndiye aliyenizuia. Alisimama katikati ya barabara, akaniambia nisimguse mtu mpaka tumwone wakili.

Wakili wetu ni msichana mdogo, ofisi yake iko juu ya duka la dawa, na anaongea haraka kama anayekimbizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Weka huo mkoba chini. Mbali kidogo. Hapo hapo."

Akanieleza, nami nakueleza kama alivyosema. Nikivunja ule mlango, au nikiufungua kwa pini, yule bwana ndiye atakayekwenda polisi, na mimi ndiye nitakayelala ndani. Tusimkatie maji. Tusiezue bati. Tusimtishe. Nilimwambia, lakini nyumba ni yetu! Akajibu, "Ndiyo maana mna haki ya kwenda mahakamani, na yeye anaombea msiende. Anaombea muende na chepe." Akasema mvamizi mzoefu hufurahi sana akipigwa, maana siku hiyo hiyo mwenye nyumba anageuka mshitakiwa, na kesi ya nyumba inasahaulika.

Tutaanza na notisi ya kumtaka aondoke. Akikaidi, tunafungua kesi na kuomba amri ya zuio, ili asije akaiuza, akaipangisha au akaibomoa wakati tunaendelea. Anahitaji kutoka kwako nakala ya hati ya nyumba, hati ya kunipa mimi mamlaka ya kukuwakilisha, na kiapo kwamba bwana huyo humjui, si mpangaji wako, si ndugu yako, na si mume wako.

Halafu akamgeukia mama. "Na chakula, basi." Mama aliitikia kwa kichwa kama mtoto.

Funguo

T. B. Huyo dereva anakungoja mpaka umalize kuandika? Gari la wagonjwa?

*

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku baridi imeanza kupungua, na muuguzi mwenzangu amejifungua mapacha, mmoja analia na mwingine anamtazama. Wifi yangu nampa pole ya nyama mbili.

Nilipofika mahali pa "tusimkatie maji" niliirusha barua ukutani. Yaani mtu anaingia kwangu bila hodi, na mimi ndiye nipige hodi kwa karatasi? Nilikasirika siku nzima, nikamchoma mgonjwa sindano bila hata kumpa pole, nikarudi kumwomba radhi. Jioni niliiokota barua. Nikaisoma tena pale wakili aliposema anaombea muende na chepe, nikaanza kucheka peke yangu. Huyo msichana namtaka. Ana kichwa. Kumbe mtu anaweza kunikasirisha kwa makusudi, akafaidi hasira yangu mwenyewe! Basi hasira yangu hataipata. Atapata karatasi, na nitamletea karatasi mpaka akome.

Zote zimo humu ndani. Kiapo nilikula mbele ya mwanasheria wa mjini, mkono wa kulia juu, nikasema kwa sauti kwamba sina mume, huko wala kwingineko. Mwanasheria alinitazama juu ya miwani. Dereva aliyenipeleka akatazama dari.

Wewe kaa mbali na ile pini. Nakuomba kama mama yako.

Shangazi

*

2 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Mama yuko salama ingawa hatoki sana siku hizi, nitakueleza. Duka linakwenda.

Notisi tulimpelekea, akaikataa. Mjumbe wa wakili akaibandika mlangoni mbele ya mashahidi, na kesho yake tukakuta Bwana Mapazia ameitumia kuziba tundu la kioo cha jikoni, lile aliloingilia. Wakili alipoona akapiga makofi! Akaenda na mpiga picha. Kesi ikafunguliwa, na amri ya zuio tukaipata. Hawezi kuuza, hawezi kupangisha, hawezi kugonga hata msumari.

Halafu likanipata jaribu. Muuza mkaa alinijia mbio: bwana kaondoka na begi, nyumba haina mtu. Shangazi, nilikwenda. Sikuchukua mkoba, niliweka kipande cha waya tu mfukoni. Nikasimama mbele ya mlango wako mchana kweupe. Kile kitasa kilikuwa kinanitazama. Nilijua kabisa ningekifungua kabla hujamaliza kupiga chafya. Mikono iliniwasha mpaka viwikoni. Nilifikiria sebule yako, nikafikiria redio. Kisha nikamfikiria yule msichana akiniambia weka mkoba chini, nikageuka. Nilipofika nyumbani nilifungua kufuli zote za dukani moja baada ya nyingine na kuzifunga tena, ndipo mikono ikatulia.

Sasa la mahakamani. Bwana Mapazia alikuja na boksi. Akamwambia hakimu kwamba yeye si mvamizi, amekaribishwa. Kwamba wewe mwenyewe ulikaa naye pale pale sebuleni, ukamkabidhi nyumba kwa mkono wako, kwa mapenzi, kwa kuwa mna uhusiano wa faragha. Na ushahidi? Akafungua boksi. Akatoa mabakuli ya mama! La bluu, la njano, lile lenye jogoo, yote yameoshwa yanang'aa, akayapanga mezani kwa karani. "Mheshimiwa," akasema, "ni familia gani inamlisha mvamizi kila Jumapili? Mama yule pale ameniita shemeji mbele ya mtaa mzima."

Watu walicheka. Hakimu mwenyewe aliziba mdomo kwa kalamu. Mama aliitwa, na kwa kuwa hajui kusema uongo, akakubali kila bakuli. "Hili ndiyo, nililijaza mwenyewe." Hiyo ndiyo sababu hatoki. Anasema amekutia mchanga kwenye kitumbua chako, na hataki kukuandikia mpaka nyumba irudi.

Wakili hajakata tamaa hata kidogo. Alitoka pale macho yanang'aa. Anasema yule bwana amesema kitu kikubwa sana, kwamba mlikaa uso kwa uso. "Mwenye nyumba aje," aliniambia. "Siku moja tu. Aje asimame." Tarehe ni 24 Julai.

Najua likizo yako imekwisha na nauli si mchezo. Nakuambia tu.

Funguo

*

6 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimekwenda posta mpaka karani amenizoea. Kama umetukasirikia kwa ajili ya mabakuli, sema, maana kimya chako kinamuumiza mama kuliko goti. Kama huwezi kuja, wakili ataendelea na kiapo, ila anasema itakuwa kazi ngumu.

Tafadhali andika hata mstari mmoja.

Funguo

*

3 Agosti

Mwanangu Funguo,

Marahaba, na unisamehe. Kwanza mwambie wifi yangu kwamba kumkumbatia kule mahakamani kulikuwa kwa kweli, sikufanya kwa ajili ya hakimu. Siku zile za ruhusa nilizoombaomba zilikwisha kabla hatujanywa hata chai, na ndege ilinirudisha huku nikiwa bado nina vumbi la mahakama kwenye viatu. Sikukuandikia kabla kwa sababu sikuwa na uhakika. Ruhusa nilipewa, ikafutwa, ikarudishwa, na mtu mmoja alikwenda kunisemea kwa bosi.

Wewe ulikuwa ndani na wakili mnapanga karatasi. Hukuona yaliyotokea kwenye benchi la nje, na moyo wangu haujatulia mpaka leo, kwa hiyo ngoja nikusimulie.

Nilifika na ushungi wangu na viatu vya zamu, nimechoka kama punda. Benchi limejaa. Bwana mmoja nadhifu akasogea kunipisha, akaniambia, "Kaa hapa mama yangu, miguu imekuvimba." Nikashukuru, nikakaa. Shati limepigwa pasi. Mapajani ana boksi, na ndani ya boksi naona kifuniko chenye jogoo.

Funguo! Lile bakuli nililinunua mimi mwenyewe, zawadi ya harusi ya baba na mama yako!

Akaniuliza, "Na wewe una kesi?"

Nikamjibu, "Ya nyumba."

"Hata mimi. Ila yangu nyepesi, nakaribia kushinda. Mwenye nyumba yuko ng'ambo huko, hawezi kuja."

"Unamfahamu?" nikamuuliza.

"Ninavyomfahamu? Kama kiganja changu. Mtu wangu wa karibu."

"Ni mtu wa namna gani?"

Akafikiri kidogo. "Mrefu," akasema. "Mwembamba. Mweupe kidogo."

Wewe unanijua nilivyo. Nilijifunika mdomo kwa ushungi nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na yeye akanipigapiga mgongoni kwa huruma! Kisha karani akatangaza kesi, tukasimama wote wawili, na yeye akanipisha mlangoni. "Tangulia, mama."

Yaliyofuata umeyaona. Hakimu alipomuuliza kama anamfahamu mwenye nyumba, akasema vizuri sana. Alipomuuliza kama yumo humu ndani, akageuka, akatazama mabenchi yote, akanipita mimi kama anayepita nguzo, akasema, "Hayumo, mheshimiwa." Na wakili akasema kwa upole, "Naomba kumwita mwenye nyumba." Uliona macho yake nilipoinuka? Mimi niliyaona kwa karibu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe. Nilitamani kupiga vigelegele, na nadhani mama yako alipiga kimoja.

Sasa tunangoja hukumu. Silali, lakini kwa raha.

Shangazi

T. B. Kuhusu swali lako la Machi juu ya dereva, baridi imepungua sana huku.

*

22 Oktoba

Shangazi! Shangazi!

Shikamoo! Mama mzima, goti zima, mimi mzima. NYUMBA YAKO!

Ngoja nitulie nianze mwanzo. Hukumu tuliipata Septemba, ulipelekewa nakala. Hakimu alisema bakuli la chakula ni ukarimu wa mpelekaji, halimpi mlaji nyumba, na kwamba mtu asiyeweza kumtambua aliyempa nyumba hajapewa nyumba. Akampa muda wa kuondoka. Muda ukapita, mapazia yakabaki pale pale. Mimi nikawaka tena, nikataka kwenda. Wakili akacheka, "Hapana, sasa ndiyo tunakwenda. Wote." Akaomba amri ya kumtoa, akaipata.

Jana asubuhi akaja dalali wa mahakama, baba mnene mwenye sauti ya kwaya, na askari wawili. Mtaa mzima ulisimama nje. Dalali akasoma amri mlangoni. Hakuna aliyefungua. Akasoma tena. Tukaona pazia linatikisika kidogo, likatulia. Basi dalali akakunja karatasi, akageukia watu, akauliza kwa sauti ile yake, "Fundi kufuli yuko wapi?"

Shangazi, nilidhani nimeota. Muuza mkaa alinisukuma mgongoni. Nikasema, "Mimi hapa." Dalali akaniambia, "Kwa amri ya mahakama, fungua mlango huu."

Tangu Machi nimeutamani ule mlango! Nikapiga magoti na mkoba wangu, askari kushoto, askari kulia, wakili nyuma yangu anakanyagakanyaga chini kama mtoto anayetaka kwenda chooni. Kitasa cha pini ya nywele kikanitoa jasho! Waya ulinidondoka mbele ya watu wote. Mtu akapiga kelele, "Fundi, au tumwite mwingine?" Nikafunga macho, nikamkumbuka baba alivyokuwa akinishika mkono, kisha nikasikia ule mlio mdogo. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu.

Bwana Mapazia alikuwa ameketi sebuleni, begi liko tayari. Hakubisha. Aliomba tu aondoke na mapazia yake, dalali akamruhusu, tukasubiri wote huku akiyatungua moja moja. Alipofika kwa mama alisimama, akasema, "Chakula kilikuwa kizuri, mama." Mama aligeukia upande, lakini alipokwenda mbali nilimwona anafuta jicho, nikamuuliza unamlilia yule, akasema analilia mabakuli.

Nyumba ni nzima. Tundu la jikoni nimeliziba kwa kioo kipya. Mlango wa mbele una kitasa nilichokitengeneza kwa mkono, na funguo zake ziko shingoni mwangu. Nilikaa sebuleni nikafungua redio kwa sauti kubwa kama ulivyoniagiza. Madirisha ni matupu, mama anauliza unataka mapazia ya rangi gani. Mabakuli ameyachukua kutoka kwa karani na kuyafungia sandukuni. Ameapa hatampelekea mtu chakula, wala kumwita mtu shemeji tena maishani, mpaka aone cheti.

Rudi nyumbani, shangazi.

Funguo

*

12 Novemba

Mwanangu, fundi wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma wodini kwa sauti, na wagonjwa walipofika pale waya ulipodondoka walishika vichwa. Ulipofungua mlango, mzee wa kitanda cha dirishani alipiga makofi mpaka dripu ikachomoka. Baba yako angejivuna. Mimi nimelia, sikufichi, nimelia mpaka nikachekwa.

Mwezi ujao natoa ufunguo wa chumba changu hapa, na wala siumii, maana kuna mwingine unaningoja shingoni mwako. Masanduku yameshatangulia. Muwe mnaulizia bandarini. Msishangae yakiwa mengi kuliko niliyosema.

Sasa kuna jambo. Mama yako alisema mimi ni mtu wa siri, nami nilimkasirikia, lakini hakukosea. Kile kiapo nilichokula, kwamba sina mume huko wala kwingineko, kilikuwa kweli siku ile. Na kwa kuwa kilikuwa kweli, ilinibidi kiendelee kuwa kweli mpaka kesi iishe. Ningesimamaje mbele ya hakimu na pete kidoleni, nikimkana mume wa uongo? Bwana Mapazia angecheka mpaka leo. Kwa hiyo mtu mmoja hapa aliambiwa asubiri. Alisubiri notisi, akasubiri zuio, akanisemea kwa bosi, akanipeleka uwanja wa ndege kwa gari la wagonjwa na kunipokea, na kila barua yako ilipofika aliuliza kwanza, "Wakili anasemaje?" Nadhani anaijua sheria ya nyumba kuliko hakimu. Kiapo changu kimekoma kuwa kweli Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi.

Mapazia anayataka ya bluu. Mwambie wifi yangu cheti ninacho, kina muhuri, nitamwonyesha kabla hata sijavua viatu. Kisha afungue lile sanduku atoe bakuli moja, lile la jogoo. Alijaze vizuri, maana shemeji anakula sana.

Shangazi yako